Simu ya Bwana Kola

Mume na mke waliishi kwa kazi ya udobi. Mume alifua uani. Mke alipiga pasi katika chumba cha mbele, karibu na dirisha. Kila asubuhi wateja waliingia na mafurushi yao, na kila asubuhi dobi alifanya jambo lile lile. Hakupokea vazi lolote kabla ya kuligeuza nje na ndani mbele ya mwenyewe. Alipekua mifuko. Alionyesha kila doa kwa kidole.

"Hili la wino umekuja nalo, bibie. Umeliona?"

"Nimeliona, mzee. Kwani lazima ulitangaze mtaa mzima?"

"Lazima. Nikilipokea kimya, kesho utasema ni langu."

Mkewe alikuwa na shaka nyingi kuliko yeye, lakini shaka yake ilikuwa na kipimo kimoja tu, nacho ni kola ya shati. Mtu mwenye kola safi alimwamini. Mtu mwenye kola chafu hakumwachia hata kibanio cha nguo. Kwa miaka mingi kipimo hicho hakikumdhuru, kwa sababu hakuwa amekitumia katika jambo kubwa.

Binti yao wa pekee alikuwa kiziwi. Alisoma katika shule ya bweni, mbali na nyumbani. Kila Jumapili alasiri walizungumza naye kwa simu ya video, kwa lugha ya alama. Kwa wazazi hawa, simu haikuwa kitu cha kuweka sikioni. Ilikuwa kitu cha kumwonea mtoto.

Jumapili moja binti alionekana mnyonge. Hakutabasamu. Aliinua mkono ili aeleze jambo. Baba yake, ambaye alikuwa ametoka kusuuza mashuka, aliisogeza simu ili aone vizuri. Vidole vyake vilikuwa na sabuni. Simu iliteleza, ikatumbukia katika beseni la maji ya bluu. Ilizima, na haikuwaka tena.

"Alikuwa anasema nini?" mke aliuliza.

"Sikuona. Mkono ndio kwanza ulikuwa unapanda."

"Mtoto ana shida, na wewe unafua simu!"

"Mama, sikuifua kwa kupenda."

Waliazima simu ndogo ya vitufe kwa jirani, wakampigia mlezi wa bweni. Mlezi alisema kwamba mtoto anakula vizuri na hana homa. Hilo halikumtuliza mama. Alimjua mwanawe. Jambo lililo zito hakumwambia mtu mwingine, bali aliwangoja wazazi wake. Ilibidi simu ya kuonana ipatikane kabla ya Jumapili.

Katikati ya juma alifika mteja waliyempenda sana. Walimwita Bwana Kola, kwa kuwa kola zake zilikuwa nyeupe siku zote, na alitaka zitiwe wanga mpaka zisimame zenyewe. Alisikia habari yao, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, msihangaike. Ninayo simu moja ya rafiki yangu. Imetumika kidogo tu. Kesho naileta."

Kesho yake aliileta, ikiwa ndani ya boksi lake na kifuniko cha kung'aa. Aliiwasha, akaweka laini yake, akaipigia ile simu ya vitufe ya jirani. Sauti ilisikika safi kabisa.

"Mnasikia wenyewe. Lakini nataka jibu sasa hivi. Kuna mtu ananingoja kituoni, naye ana fedha mkononi."

Mke aliinua mkono kuchukua akiba yao kutoka kabatini. Mumewe alimshika kiwiko.

"Ngoja kwanza. Twende kwa Ndimu aitazame."

Ndimu alikuwa fundi simu, na kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyumba yao. Watu walimpa jina hilo kwa sababu uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyeonja kitu kichachu. Kola ya shati lake ilikuwa nyeusi kwa grisi.

"Ndimu!" mke alisema kwa sauti ya chini. "Mtu asiyejifulia shati, utampa simu? Ataing'oa vya ndani atuwekee vibovu."

Bwana Kola alidakia upesi. "Mama amesema kweli. Mafundi hawa ni wa kuwaogopa. Akiigusa tu, mimi simo tena."

Dobi hakupandisha sauti. "Mimi sipokei hata soksi bila kuigeuza. Sembuse simu?"

Walikwenda wote watatu. Ndimu alisikiliza, kisha akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Shemeji, najua huniamini," alimwambia mke. "Vyema. Endelea hivyo hivyo. Mimi sitaigusa simu hii. Utaishika wewe, na macho yatakuwa yako. Haya, mnaitaka kwa kazi gani?"

"Kumwona mtoto. Tuzungumze kwa mikono, tumwone naye atuone."

"Basi sauti nzuri haiwasaidii kitu. Fungua kamera ya mbele, usimame pale penye jua, uchezeshe vidole."

Mke alitoka nje. Alijitazama kwenye kioo cha simu, akachezesha vidole kama anavyozungumza na mwanawe. Vidole vilionekana kama viko nyuma ya mvuke wa pasi.

"Mbona kuna ukungu?"

"Pangusa kwanza kwa kitambaa. Pengine ni vumbi."

Alipangusa. Ukungu ulibaki.

"Basi uko ndani," Ndimu alisema. "Huenda iliingia maji. Sasa bonyeza kijipicha kimoja cha programu, usikiachilie, ukiburute polepole kupita kila upande wa kioo. Kikikwama, pale kioo kimekufa."

Kijipicha kilikwenda, kikafika pembeni, kikakwama.

"Ni kadoa kadogo," Bwana Kola alisema. "Simu iliyotumika haikosi doa."

"Ni kweli," Ndimu alijibu. "Doa si kosa. Kosa ni kulificha. Shemeji, laza simu juu ya meza hii ya kioo. Je, imelala sawasawa, au inayumba?"

"Imelala."

"Vizuri. Mgongo ukivimba, betri imeharibika, na betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Ingeyumba, ningekuambia usiinunue. Sasa piga nyota, reli, sifuri, sita, reli, kama unayepiga simu."

Mke alibonyeza *#06#. Tarakimu nyingi zikatokea.

"Hiyo ni namba ya simu yenyewe, wala si ya laini. Kila simu ina yake. Kaka dobi, nisomee iliyo kwenye boksi."

Dobi alisoma taratibu, na mkewe akafuata kwa kidole. Walifika tarakimu ya nne, mke akasimama.

"Soma tena."

Alisoma tena. Namba hazikuwa sawa.

Wote watatu walimgeukia Bwana Kola. Alikuwa anairekebisha kola yake.

"Rafiki yangu ana simu nyingi," alisema. "Pengine alichanganya maboksi."

"Pengine," Ndimu alisema. "Stakabadhi ya dukani iko wapi?"

"Ilipotea."

"Basi, bwana, limebaki moja, ndilo kubwa. Ingia kwenye mipangilio, uiondoe akaunti ya mwenye simu. Kisha ufute kila kitu hapa hapa mbele yetu, simu iwe kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwaka bila kuuliza akaunti ya mtu mwingine, watazungumza nawe habari ya bei."

"Mimi nitaifuta nyumbani."

"Fanya sasa. Ni kazi fupi."

"Neno la siri analo rafiki yangu."

"Mpigie."

Bwana Kola hakumpigia mtu. Mke wa dobi aliiweka simu ndani ya boksi lisilo lake, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nenda nayo, bwana. Kama ni ya rafiki yako, mrudishie. Kama si yake, kituo cha polisi unakijua."

"Mama, hata wewe wanishuku? Mimi mteja wako?"

"Mashati yako nayajua. Simu yako siijui."

Bwana Kola aliondoka haraka, wala hakusema kwaheri.

Dobi alimuuliza fundi, "Kwani tungeinunua, ingekuwaje?"

"Mngeitumia kwa siku chache. Mwenyewe angeifunga kutoka mbali, nanyi mngebaki na kigae. Au namba yake ingezuiwa mitandaoni. Na polisi wakiifuatilia, wangeikuta wapi? Juu ya meza yenu ya pasi."

Mke alikunja mikono. "Sasa bila shaka utatuuzia ya kwako."

"Mimi siuzi simu, shemeji. Natengeneza. Nendeni duka lolote lenye mlango na jina, litakalowapa stakabadhi. Mkague kama mlivyokagua hapa. Mbebe na chaja yenu, muone kama inaingiza chaji. Mkishindwa kuelewa, msinunue."

Ijumaa walikwenda dukani wawili peke yao. Mke aliitazama simu ya kwanza kwenye jua, akaona ukungu, akairudisha. Muuzaji alicheka.

"Mama, unakagua simu au unamkagua mkwe?"

"Mkwe nitampa muda wa kujirekebisha," mke alijibu. "Simu haijirekebishi. Lete nyingine."

Ya pili ilikuwa na mikwaruzo mgongoni, na muuzaji aliitaja mwenyewe kabla ya kuulizwa. Kamera ilikuwa safi. Kijipicha kiliburutwa kila upande bila kukwama. Chaja yao iliingiza chaji. Laini yao ilishika mtandao. Namba ya simu ililingana na ya boksi. Muuzaji aliondoa akaunti na kufuta kila kitu mbele yao, kisha akaandika namba ile ile kwenye stakabadhi. Hapo ndipo mke alipofungua pochi.

Jumapili alasiri dobi alikausha mikono yake mara mbili kabla ya kuishika simu. Binti alitokea. Mama yake alimwuliza kwa alama, "Ulitaka kutuambia nini?"

Binti aligusa macho yake. Kisha akapitisha viganja mbele ya uso, kama mtu anayefunikwa na moshi. Alieleza kwamba ubao hauonekani tena. Mbaya zaidi, mikono ya mwalimu haionekani vizuri, kwa hiyo masomo yanampita. Aliogopa kusema bwenini, asije akachekwa.

Mama alielewa mara moja. Mtoto asiyesikia hutegemea macho kwa kila kitu. Siku ya pili baba alisafiri hadi shuleni, akampeleka binti kwa daktari wa macho. Alipimwa, akapewa miwani. Daktari alisema wamewahi.

Jumapili iliyofuata binti alipiga simu mwenyewe, miwani puani, kichwa juu. Wakati huo Ndimu aliingia kuazima jagi la maji. Alipita nyuma ya kiti cha mama. Binti alimwona, akasogea karibu na kamera. Akaishika kola ya sare yake kwa vidole viwili, akakunja pua, akapunga mkono mbele ya uso wake.

Mama aliangua kicheko mpaka akashika meza.

"Anasemaje?" Ndimu aliuliza.

"Anasema sasa anaona vizuri," mama alijibu. "Vua hilo shati, shemeji. Nitalifua bure. Lakini kwanza njoo hapa, tuyahesabu madoa pamoja."