Usirudishe Picha

"Bado! Inaandika hakuna mawimbi!" mzee alipaza sauti kutoka sebuleni.

Nilikuwa juu ya bati lake, spana mkononi, nageuza dishi kidogo kidogo. Kazi yetu mafundi wa ving'amuzi ndivyo ilivyo: mmoja yuko juu anageuza, mwingine yuko ndani anapiga kelele. Ila kelele za mzee huyu zilinitoa jasho kuliko jua. Binti yake ni mpenzi wangu, mwaka wa pili huu, na mzee hajui lolote. Namba yangu alipewa na jirani.

"Halafu hawa watu wako ni wezi!" akaendelea. "Nimelipia mwezi mzima, katikati ya mwezi wananiambia kifurushi kimepanda bei!"

"Mimi nafunga tu, mzee. Bei wanapanga wao."

"Ndiyo hivyo. Wanapanga wao, tunaumia sisi."

Kwa utani nilikuwa nimemtumia binti ujumbe: "Leo niko juu ya paa la baba mkwe." Badala ya kucheka, akapiga simu.

"Mpenzi, nakuomba, usirudishe picha!"

"Kwani kuna nini?"

"Asubuhi waandishi wa habari wamenirekodi hapa getini chuoni, nimeshika kipaza sauti. Nitatokea habari za saa saba. Baba alishasema, akinisikia kwenye mgomo wa ada ananitoa chuo. Nimebakiza muhula mmoja tu!"

Saa saba kasoro dakika tano.

"Geuza dishi kidogo tu," alisihi. "Ukimwonyesha, mimi na wewe basi."

Nikalisukuma pembeni, upana wa kidole. Mapenzi haya, jamani!

"Fundi, vipi huko?"

"Bado, mzee!"

"Hamna neno, usiharakishe. Jirani kaniambia wewe huna longolongo. Yule wa kwanza alinidanganya wiki nzima."

Maneno yale yalinichoma. Nataka mtu huyu aniite mwanangu, nami nimesimama juu ya paa lake namdanganya! Nikampigia binti.

"Siwezi. Siku ya kuja kuposa nitamtazamaje usoni?"

"Basi usije kuposa."

Akakata. Roho iliniuma sana. Hata hivyo nikarudisha dishi, nikakaza nati.

"Hapo hapo! Usiguse!" mzee akashangilia.

Nikashuka ngazi, nikaingia sebuleni. Mzee alikuwa amesimama mbele ya televisheni, futi ya kupimia shingoni, suruali ya mteja imebaki kwenye cherehani. Binti yake alikuwa anasema:

"Tulipokelewa kwa ada moja, sasa katikati ya mwaka tunadaiwa nyingine! Baba yangu ni fundi cherehani. Akishakata kitambaa cha mtu, haongezi bei!"

Wenzake wakashangilia. Mzee akakaa taratibu.

"Mzee, nilijua," nikasema. "Alinipigia nigeuze dishi ili usimwone. Nikageuza, halafu nikashindwa."

"Alikupigia wewe?" Akanikazia macho. "Namba yako aliipata wapi?"

Lo! Nilidhani naungama kosa moja, kumbe yalikuwa mawili.

"Tunapendana, mzee. Yaani, tulikuwa tunapendana. Ameniacha sasa hivi, kwa ajili ya picha hii."

"Lete simu."

Akampigia. Sauti ya binti ikasikika hadi kwangu:

"Nimesema tumeachana!"

"Mmeachana? Mimi hata kuanza sijaambiwa!"

Binti akaangua kilio.

"Baba, usinitoe chuo..."

"Nani akutoe? Niliogopa watakufukuza, miaka yote hii niwe nimeshona bure. Kumbe uko huko unasema maneno yangu mwenyewe." "Kaa hapo na wenzako. Umekula?"

"Bado."

"Nakuletea."

"Baba... mwambie huyo fundi nimeghairi."

"Mwambie mwenyewe. Mimi si mshenga wenu."

Akanitupia simu, akaenda jikoni kumfungia binti yake chakula.