Upande wa Pili wa Tepu

Zubeir alibakiwa na pango moja tu, na jua la Kiuyu lilikuwa limeshainama. Ofisi ilitaka ramani ya maweni yote: mashimo, mapango, kila pahali mvua ilipolila jiwe la chokaa likabaki meno matupu. Kazi ya watu wawili. Msaidizi, aliambiwa, yumo kwenye mchakato. Mchakato wenyewe ulishafika umri wa kupelekwa skuli.

Nyumba ya mwisho kabla ya mawe ilikuwa ya Bi Duni.

"Wenda pekeyo, mwanangu?"

"Peke yangu, Bi."

"Basi piga hodi. Na ukisemeshwa humo, usijibu. Anayejibu huwa mwenyeji."

"Bora. Huenda nikapewa nyumba."

Bi Duni hakucheka.

Akapiga hodi mdomoni mwa pango. Akaifunga ncha ya tepu ya kupimia kwenye jiwe la mlangoni, akaingia akiikunjua. Popo. Maji yakitona. Harufu ya chumvi. Kule ndani, akaivuta ikaze.

Tepu ikavutwa.

Mara mbili, taratibu... kama avutavyo msaidizi anayejua kazi, kusema: tayari.

Mwengine angeiachia. Lakini tepu ni mali ya serikali, na mali ya serikali haipotei bila maelezo. Zubeir akaanza kuikunja, akirudi mlangoni, kwa huyo aliyeishika. Chumvi ikageuka asumini. Ile ya kwenye mto wa kulalia wa Mwanamize, mkewe, aliyezikwa mwaka jana.

Mnong'ono, sikioni.

"Umechoka?"

Akauma ulimi.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Fundo lake lilikuwa vile vile. Bahari inajaa, alijiambia. Maji hupanda chini ya mawe, hewa husukumwa, pango hupumua. Limo vitabuni hilo. Hakukumbuka kitabu kilichosema hewa huuliza hali.

Aliporudi, Bi Duni alikuwa bado kizingitini mwa nyumba yake.

"Wamekusemesha?"

Zubeir akaitikia kwa kichwa.

"Umejibu?"

"Hata kidogo."

"Alhamdulillahi. Na nyumbani una nani?"

Zubeir akaikwapua tepu, akaaga.

Chumba chake cha kupanga kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, kikombe kimoja. Tangu Mwanamize afariki, watu walimuuliza ripoti, saini, marejesho ya fedha, basi. Akaiweka tepu mezani, akazima taa.

Asumini...

"Umechoka?"

Maneno ya Bi Duni aliyakumbuka yote, moja moja.

"Sana," akasema.

Gizani, mezani, tepu ikavutwa mara mbili.