Vidonge Katika Sahani Moja

Soko la kati la Likasi halina adabu siku ya Jumamosi. Kila mtu anasukuma, kila mtu anaita, na mwenye haraka ndiye anayekanyagwa. Siku hiyo, katikati ya makelele, kliniki moja ya mtaani ilikuwa imesimamisha hema la kupima sukari. Alphonsine, muuza vitenge, alikuwa amemshika mama yake mkono asitoroke.

Mama Germaine aliogopa sindano kuliko ugonjwa. "Anza na mutoto wangu," akamwambia muuguzi. "Kama halie na sindano, na minye nitakubali."

Muuguzi aliitwa Hilaire. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alphonsine alivaa kitenge cha buluu chenye maua ya manjano, kimembana kiunoni pale panapostahili. Hilaire akamchoma kidole, akasahau kutazama mashine.

"Mashine iko pale, monsieur. Haiko mu macho yangu."

"Pardon, mamu. Sukari yako iko bien." Akatabasamu. "Minye njo naanza kuwa mugonjwa."

Alphonsine akacheka. Mama hakucheka, maana kidole chake kilifuata, na sukari yake ilikuwa juu vibaya.

Kliniki ilikuwa ikijaribu dawa ya mitishamba ya Kichina: majani na mizizi iliyosagwa ikatiwa ndani ya vidonge. Wagonjwa wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Juu ya hizo, nusu yao walipewa mitishamba, na nusu walipewa vidonge vya unga mtupu, rangi ile ile, harufu ile ile. Nani kapata nini, pale Likasi hakuna aliyejua: si mgonjwa, si daktari, si Hilaire. Ndivyo dawa inavyopimwa, ili matumaini ya mtu yasije yakahesabiwa kuwa dawa. Hilaire alieleza yote, Mama Germaine akakubali. Lakini jambo unaweza kulielewa vizuri na bado likakunyima usingizi.

Simu za Hilaire zilianza na sukari ya mama, zikaishia kwingine kabisa.

"Mama amekula nini?"

"Bukari na matembele. Na weye?"

"Minye nimekula sauti yako tu."

"Basi utakonda, chéri."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa utani na kwa vocha za simu. Ila sukari ya mama haikujua utani. Ilishuka, ikapanda, ikashuka tena bila sababu. Kisha vidole vya mguu wake wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Alphonsine alikuwa na shangazi aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huo huo.

Alasiri moja akamwona Hilaire akitoka nyumbani kwa Mama Hélène, rafiki wa mama yake kwenye kwaya, naye mgonjwa wa jaribio lile lile. Hilaire alikuwa na kuku kwapani. Alphonsine hakungoja hata amkaribie. Akapiga simu.

"Hilaire, uniambie kweli. Mama anakunywa dawa ao bunga?"

"Sijue, chouchou."

"Mama Hélène iko naimba, iko nacheza. Yeye ulimupatia ya kweli. Nimekuona na kuku yake!"

"Kuku ni merci tu! Alikatala nimurudishie."

"Weye njo unagawa, na haujue?"

"Haki ya Mungu, sijue. Hata docteur hajue."

"Mwanaume anasema ananipenda, na ananificha kweli ya dawa ya mama yangu. Bon. Usinipigie tena."

Hilaire akabaki barabarani na kuku wake kama mtu aliyeporwa. Mbaya zaidi, hata yeye alitamani kujua. Je, angejua, angemwambia? Hilo nalo lilimtatiza. Alphonsine naye, kichwa kikiwa kwingine, alimpimia mteja kitenge kifupi, akatukanwa mbele ya soko zima.

Jumapili baada ya ibada akaingia chumbani kwa mama yake. Mama Germaine na Mama Hélène walikuwa wamepiga magoti mkekani. Mbele yao palikuwa na sahani iliyojaa vidonge, vya huyu na vya yule, vimemwagwa pamoja. Waliomba, wakasema amina, wakaanza kugawana.

"Mama! Munafanya nini?"

"Tunachanganya," mama akajibu kwa utulivu. "Tangu mwanzo. Banasema moja wetu anaweza kupata bunga. Sasa minye nipone, Hélène abakie? Tunaimba pamoja, tutapona pamoja."

"Na Hilaire anajua?"

"Juu ya nini tumuambie? Atakasirika."

Alphonsine hakujua acheke au alie. Kwenye kwaya ile hakuna anayekula baraka peke yake, hata sabuni aliyoleta mgeni hukatwa vipande. Akisema, mama atatolewa kwenye jaribio, labda hata kupimwa kwenyewe kuishe. Akinyamaza, kazi ya Hilaire itakuwa uongo, na mguu utaendelea kufa ganzi bila mtu kujua sababu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni pa kliniki, akasema yote.

Hilaire akakaa chini. "Zote? Mu sahani moja?" Akacheka, kisha akafunika uso. "Lazima niambie docteur."

"Najua. Njo maana nimekuya."

Daktari aliwaondoa wanawake wote wawili kwenye jaribio, lakini matibabu hayakukatwa. Alimpima Mama Germaine mguu, akamwanzishia insulini siku ile ile. Ganzi, alisema, imewahiwa.

Nje, Alphonsine akauliza, "Basi hatutajua alikunywa nini?"

"Kabisa. Imechanganyika."

"Ungenidanganya, Hilaire. Ungesema mama iko na dawa ya kweli, ningelala vizuri."

"Niliwaza vile. Mara mingi."

"Na ukakatala?"

"Minye nataka uniamini miaka yote, haiko usiku moja."

Alphonsine akamtazama mwanaume huyu aliyekubali kuachwa kuliko kumtuliza kwa uongo. Akaona aibu, akaona mapenzi, vyote kwa mpigo.

"Ba oncle bako beko wapi?"

"Kolwezi. Juu ya nini?"

"Ubaite. Baba iko ku nyumba kila dimanche kisha ibada."

"Alphonsine... ni weye njo unaniposa?"

"Unajibu, ao nirudie vitenge vyangu?"

Hilaire akatoa simu. "Allô, oncle? Mukuye Likasi. Mbio, asibadilishe mawazo!"