Frein ya Muntu wa Pembeni

Carmen alikuwa na tonge la bukari mkononi simu ilipolia juu ya meza ya malewa, mgahawa wa mtaani. Alisoma ujumbe, na tonge likarudi kwenye sahani.

"Mademoiselle Carmen, tumepokea barua yako ya kuacha. Nafasi yako katika mafunzo ya siku tano tumempa mwingine. Tunakutakia mema."

— Dan, minye niliacha nini?

Dan, mchumba wake, fundi wa simu hapo mtaani Kikula, alianza kuchambua miiba ya samaki kwa bidii ambayo hata samaki mwenyewe hakuistahili.

— Dan, niko nakuongelesha.

— Pengine balikosea, chérie. Bantu ba bureau unabajua…

— Balikosea? Barua ilitoka ku mail yangu, mardi saa ine. Mardi simu yangu ilikuwa wapi?

Ee, Jumanne! Simu ilikuwa kwenye meza ya Dan, inabadilishiwa kioo.

Ngoja nikueleze kidogo. Carmen anaendesha lori la mawe kule machimboni, carrière ya Kakontwe, vumbi la chokaa mpaka kwenye kope. Miaka mitatu anaota kitu kimoja: mbio za magari. Timu moja ya Lubumbashi ilimwambia alete cheti cha shule ya mbio, watampa gari. Akapata shule mbili. Ya kwanza iko Zambia, siku tatu, na mwalimu anakaa pembeni yako na frein yake, yaani breki, miguuni, ile wanayoita double commande. Cheti chake ni cha kutundika ukutani tu. Ya pili iko Afrika Kusini, siku tano. Kuanzia siku ya tatu unaendesha peke yako, na cheti chake ndicho timu inachotaka. Carmen alizilinganisha wiki nzima, kama mama anavyogeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, akachagua ya siku tano. Dan alitaka ya siku tatu. Walibishana, wakanyamaza, Carmen akadhani yameisha. Kumbe wapi!

— Weye njo uliandika.

Dan akanawa mikono polepole.

— Njo minye.

— Na jina yangu.

— Niliogopa, Carmen. Siku ya tatu uko weye moja mu gari, mbio namna ile, hakuna muntu wa kukanyaga frein. Ku Zambia ingekuwa…

— Minye nashukaka na lori ya mawe kila siku. Nani anakanyagaka frein pembeni yangu?

Dan akaisogeza sahani pembeni.

— Unataka double commande ya maisha yangu. Minye nakanyaga gaz, weye unakanyaga frein. Basi kaa na samaki yako!

Alitoka analia. Hasira ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimpenda mjinga yule.

Nyumbani, mtaa wa Panda, alimkuta papa yake, mzee Stanislas, fundi mstaafu wa magari, mtu wa asili ya Kasai asiyependa maneno mengi.

— Papa, dot ni samedi, ba Dan banaleta mahari. Nifanye je?

— Alikupiga?

— Hapana.

— Iko na mwanamuke mwingine?

— Hapana, papa. Aliandika barua na jina yangu, akasema naacha shule.

Mzee akatikisa kichwa.

— Ile ni mubaya. Muntu anaweza kukukatalia mu macho. Lakini kukukatalia na kinywa yako mwenyewe, aa, ile hapana.

— Basi nivunje?

— Nikikujibia, nakuwa sawa Dan. Samedi nitakuuliza mbele ya bantu. Jibu ni ya kwako.

Siku zile simu haikupumzika. "Carmen, nilikosa." "Carmen, ata neno moja." "Niko nje ya parcelle yenu." Carmen alisoma zote, akafuta machozi, hakujibu. Ijumaa tu akaandika: "Kuya kesho na bantu benu. Kuya na moyo nguvu."

Jumamosi uwanja wa mzee Stanislas ulijaa viti vya plastiki. Upande wa Dan walileta mbuzi, vitenge, sufuria, na msemaji wao, Papa Augustin, mwenye koo la kuhutubia. Kwa watu wa Kasai baba hapokei mali mpaka amuulize binti mbele ya watu wote: hivi vitu tule, yaani tupokee? Kwa kawaida binti anaitikia "Mukule, papa!", vigelegele vinapigwa, na mchezo umekwisha.

— Carmen, mwana wangu, akasema mzee Stanislas. — Bintu bya hawa bantu, tukule?

— Mbele nijibu, Dan asimame.

Minong'ono ikapita. Mama Bibiane, mzazi wa Dan, akashika kichwa.

— Dan, ambia bantu ile ulifanya mardi.

Dan angeweza kukasirika. Angeweza kutoka, na wanaume wengi wangetoka. Lakini alisimama.

— Niliandika ku shule yake na jina yake, nikasema anaacha. Hakunituma. Nilidanganya.

— Sasa andika ingine, Carmen akampa simu. — Na jina yako.

— Hapa?

— Hapa.

Eh, dot gani hiyo! Vidole vinavyofungua simu za watu mchana kutwa vilikosea herufi, vikafuta, vikaanza upya. Papa Augustin akashindwa kuvumilia.

— Tuko ku dot ao ku bureau ya commune?

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana Dan alianza kusoma kwa sauti:

— "Minye Dan njo niliandika ile barua. Carmen hakuacha. Kama nafasi inapatikana tena, ni ya kwake, siku zote tano."

— Tuma.

Akatuma. Mzee akauliza tena, taratibu:

— Mwana, tukule?

Carmen alimtazama Dan, jasho limemlowesha shati. Neno la ndiyo lilikuwa hapo hapo mdomoni mwake.

— Leo hapana, papa. Sisemi simupende. Namupenda sana! Lakini leo niko na hasira, na yeye iko na haya. Nataka nijibu siku yenye moyo yangu iko sawa. Mbuzi irudie kwao.

Mbuzi akarudi. Kikula nzima ikacheka. "Dan, mbuzi yako ilikosa visa?" Yeye aliinamia simu zake, akavumilia.

Miezi miwili baadaye nafasi ikapatikana. Dan alimbebea mfuko mpaka kwenye basi na hakusema "endesha polepole".

Jioni ya siku ya tano, simu ya mzee Stanislas ikalia.

— Papa, nilimaliza! Niliendesha minye moja.

— Na frein?

— Mara moja nilichelewa kukanyaga, nikaingia mu majani. Nikatoka minye mwenyewe.

— Vizuri, mwana.

— Papa, Dan anafikaka kwetu?

— Kila siku. Iko hapa, anakaa tu, hasemi kintu.

Carmen akavuta pumzi.

— Tia haut-parleur, bote basikie.

— Nilitia.

— Papa, mukule!

Dan alijifunika uso akalia mbele ya mkwewe bila aibu, na mama Julie, mama yake Carmen, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani ameolewa.