Moto wa Kwanza Ndani ya Basi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikaratusi ya mtaa wa Spring Valley wakati Awiti alipopanda basi, mapazia ya mwisho mkononi, mtoto mgongoni. Alikuwa ameshona tangu alfajiri. Vidole vilimuuma, macho yalimwasha, na kila alipoinama aliona vimulimuli.

Basi lenyewe lilikuwa kuukuu, la shule moja ya misheni ya mbali. Bwana mwajiri wao alilinunua mnadani mwaka ule wa hamsini na saba, akamwagiza Ogutu, mume wa Awiti, aling'oe viti vyote na kuligeuza nyumba ya kusafiria. Ogutu alikuwa seremala. Kwa wiki tatu alipiga randa na nyundo: kitanda kule nyuma, kabati ubavuni, meza ya kukunja, stovu ndogo ya mafuta ya taa. Matundu ya bolti za viti aliyafunika kwa zulia la mpira.

"Wazungu wana maneno," alikuwa amemtania mkewe jioni hiyo, akipanda baiskeli kwenda mjini, River Road, kuchukua bawaba. "Huyu akigombana na jirani, anahama na nyumba yake!"

"Sisi je, tutahama na nini, Baba Lornah? Mgongo wangu huu uliovunjika?"

"Tundika mapazia ukalale. Ila stovu usiiguse. Kesho memsahib mwenyewe atachemsha chai ya kwanza."

Awiti hakuuliza kwa nini mke wa bwana ndiye awe wa kwanza. Kwao, kule Nyanza, nyumba mpya haiwashwi moto na mpita njia. Mwanamke anayewasha moto wa kwanza ndiye mama wa nyumba hiyo, na wote waliomo ni wake.

Lakini Lornah alianza kulia. Alikuwa na miezi kumi, na maziwa ya mama yake yalikuwa yamepungua kwa uchovu. Uji kwenye kopo ulikuwa umepoa na kuganda. Chumba chao kilikuwa chini bondeni, robo saa ya kutembea, na miguu yake ilikataa.

Hili ni gari tu, alijiambia. Gari si nyumba.

Akawasha kiberiti.

Stovu ilishika moto, ikavuma polepole. Awiti aliumimina uji kwenye sufuria, akauteleka, akaanza kutundika mapazia. La kwanza. La pili. La tatu...

Ndipo aliposikia harufu.

Chaki. Sweta za sufu zilizolowa maji. Na tope, tope la mtoni, lile linalokaa kwenye viatu siku nyingi.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Ila zulia la mpira lilikuwa limebonyea hapa na pale, mistari miwili, kulia na kushoto... mahali palepale ambapo viti vilikuwa. Na kila palipobonyea, maji yalikuwa yakichuruzika.

"Mama..."

Sauti ilikuwa ndogo. Ilitoka karibu na goti lake.

"Mama, tumefika?"

Awiti aliruka hadi mlangoni. Akavuta mpini. Mlango haukutikisika. Akavuta tena kwa mikono miwili, akasukuma kwa bega. Ni kama kusukuma mlima.

Na mgongo wake ulikuwa mwepesi.

Mwepesi mno.

Kitambaa kilining'inia kimefunguliwa. Lornah alikuwa ameketi kule nyuma juu ya kitanda kipya, akicheka, akipiga makofi, akitazama kitu kilichomkaribia. Nywele zake laini zililala upande mmoja, kama zinazopapaswa na kiganja.

"Mama," sauti nyingine ikanong'ona, "huyu naye ni wetu?"

Awiti alitaka kupiga kelele. Alipopiga hatua kwenda kwa mtoto, baridi ilimzunguka magotini, mikono midogo isiyoonekana ikashika sketi yake, mmoja, miwili, kumi. Haikumvuta. Ilimshika tu, kama watoto wanavyomshika mama yao jioni, wakitaka chakula.

"Na mimi."

"Na mimi..."

"Na mimi, mama."

Uji ulikuwa umeanza kuchemka.

Hakujua ni hofu au ni uchovu uliomwongoza. Alichukua kijiko, akachota, akakipeleka gizani juu ya zulia lililobonyea. Kijiko kilirudi kitupu. Kilirudi baridi kama chuma kilicholala nje. Akachota tena. Kiti kwa kiti, kulia na kushoto, hadi sufuria ikaonyesha matako yake. Lornah hakupata hata tone.

"Basi," alisema Awiti. Sauti ilikuwa ile ya kila usiku, ya mwanamke asiye na nguvu hata ya kukasirika. "Yatosha. Kila mtu alale. Na huyo mdogo nipeni."

Mikono ikalegea, mmoja mmoja. Zulia likanyooka. Awiti alimnyakua mtoto, akazima stovu, akashika mpini. Mlango ukafunguka kwa kidole kimoja.

Nje alimkuta Mwololo, mlinzi wa Kikamba, amesimama kwa mbali, taa mkononi, hataki kusogea.

"Mama Lornah," alinong'ona, "nani aliwasha moto humo?"

"Ni mimi, mzee."

Mwololo aliuma midomo. "Lilipoletwa hapa lilikuwa na tope hadi madirishani. Niliwauliza waliolivuta walilitoa mto gani. Waliharakisha kuondoka."

"Na watoto je?"

"Nilijua nisiulize hilo."

Ogutu aliporudi aliambiwa yote. Hakucheka. Usiku ule alitaka kung'oa kila ubao alioupigilia, lakini basi halikuwa lake, na Jumamosi bwana na memsahib walipakia vitu vyao wakaondoka kuelekea Naivasha kwa majuma mawili. Awiti alilala siku nzima. Basi limekwenda, mtoto wangu ninaye, alijiambia, yamekwisha.

Walirudi siku ya nne.

Bwana alipita moja kwa moja ndani, hakumsalimu mtu. Memsahib alishuka mwenyewe hadi vyumba vya wafanyakazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga, na sketi yake ilikuwa imekunjamana magotini, imelowa, kama iliyoshikwa na viganja vingi.

"Awiti," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Wao nataka wewe. Kila jioni wao nauliza wewe tu."

Ogutu alisimama mlangoni kumkinga mkewe. Awiti alimkaza Lornah mgongoni, akafunga fundo mara mbili, kisha mara ya tatu. Alijua hatakwenda. Alijua pia kwamba jua lilikuwa linazama.

Lakini mdomo ulishatangulia, kabla hajauzuia.

"Wameshakula?"