Upinde Uliopunguzwa Vidole Vinne

Alhamisi, tarehe 9 Mei 2019, saa nne asubuhi, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche alikuwa amepiga magoti nyuma ya viti vya gari la mchumba wake. Alipitisha kidole juu ya mshono wa chuma, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Mshono huu si wangu," alisema.

Mchumba wake, mwalimu wa udereva, alikuwa ameegemea mlango wa gereji. Alicheka kicheko cha mtu anayetafuta muda.

"Chuma ni chuma, Cheche. Unautambuaje?"

"Wewe mwandiko wako huutambui?"

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la michezo, lenye viti viwili na umri unaowazidi wote wawili. Jumamosi hiyo Mwalimu angeliingiza katika mashindano ya magari ya zamani, na harusi yao ilikuwa wiki mbili baadaye. Kwa siku tisa Cheche alikuwa amepinda bomba nene la chuma likawa upinde, akaufunga nyuma ya viti, ili gari likipinduka, upinde ugote chini kabla ya vichwa vya walio ndani. Ilibaki kufunga mikanda mipana ya mabegani. Sasa alichukua futi, akapima. Upinde ulikuwa umepungua vidole vinne.

Alifungua simu, akamsomea ujumbe ambao Mwalimu alimtumia Jumatatu: "Nimelichukua gari nikalioshe, mpenzi. Jioni nalirudisha."

"Uliliosha kwa msumeno?"

Mwalimu alikiri nusunusu. Alieleza kwamba turubai la paa lilikuwa halifungi juu ya upinde ule, kwamba gari lilianza kufanana na kitanda cha hospitali, na kwamba fundi wa ng'ambo ya barabara aliikata miguu ya upinde na kuichomelea upya kwa nusu saa tu. Alikusudia kumwambia baada ya mashindano.

"Basi mikanda sifungi," Cheche alisema.

"Unataka nikimbie bila mkanda?"

"Sitaki ukimbie kabisa. Mkanda huu utakubana wima kitini, hutaweza hata kuinama. Upinde ukiwa mfupi, kichwa chako ndicho kitakachotangulia kufika chini. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimekufunga hapo, kwa mikono yangu."

"Fundi mwenzako amesema unafaa."

"Basi muoe yeye."

Kisha akaongeza kwa utulivu, "Harusi nimeisimamisha. Si kwa sababu ya chuma, maana chuma hurekebishika. Ni kwa sababu ya uongo."

Mwalimu alimpigia simu mama yake, akitumaini kuungwa mkono. Baada ya dakika ishirini mama alifika, mkoba kwapani, na kweli alianza kwa kumlaumu Cheche. Alisema hajapata kuona bibi harusi anayemwaibisha mume kabla hata ya kumpata, tena kadi zimekwisha gawiwa. Cheche alimsikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Nimekusikia, mama. Naomba unisaidie jambo moja tu. Shika ubao huu."

Alimwomba Mwalimu aketi kwenye kiti chake na kuvaa helmeti ya mashindano. Kisha Cheche akaweka ncha moja ya ubao juu ya upinde, na mama akaombwa kuilaza ncha ya pili juu ya fremu ya kioo cha mbele.

"Ubao huu ndio ardhi, mama, gari likiwa limepinduka."

Mama alibonyeza. Ubao ukakataa kulala. Alibonyeza tena, na Mwalimu akainamisha shingo.

"Kaa wima."

"Nimekaa wima, mama. Unaniumiza."

"Mbona ubao haufiki?"

Mama aliinama, akachungulia chini ya ubao, akaona ulipokwama: ulikuwa umeikalia helmeti ya mwanawe. Aliuweka ubao chini, akamgeukia.

"Wanafunzi wako unawafokea wakisahau mkanda. Kumbe wewe umejitengenezea jeneza lenye paa la turubai. Mwombe radhi mwenzako. Mimi nitaomba yangu baada yako."

Mwalimu hakutoka kitini upesi. Aliuliza kama miguu ya upinde ingeweza kurefushwa kufikia Jumamosi. Cheche alimweleza kwamba bomba lililokwisha kukatwa haliaminiki tena. Lingepindwa jipya, kwa siku zilezile tisa. Mashindano hayo Mwalimu alikuwa ameyangoja miaka miwili.

Alitoa simu, akaweka sauti ya nje, akampigia msimamizi wa mashindano.

"Niondoe kwenye orodha ya Jumamosi."

"Kwani gari limeharibika?"

"Mimi ndiye niliyeliharibu. Niliukata upinde kwa ajili ya urembo, nikamdanganya fundi wangu, naye ndiye mchumba wangu. Amekataa kunifunga mkanda, na ana haki."

Alikata simu, akavua helmeti, akamtazama Cheche usoni.

"Nisamehe."

Cheche aliipokea helmeti mkononi mwake.

"Kesho saa mbili asubuhi uje na nguo za kazi," alisema. "Bomba jipya ni zito, linataka mikono minne."

"Nami nisamehe, mwanangu. Na harusi?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Harusi ipo, mama."

Walioana tarehe 25 Mei. Mwezi uliofuata, katika mashindano mengine, Mwalimu aliendesha lile gari jekundu, na katika kiti cha pili aliketi mkewe, akiwa ameikaza mikanda ya wote wawili mwenyewe.

Ikiwa unamjua anayempenda dereva, au dereva anayependwa, msomee kisa hiki, kisha umkabidhi naye akamsomee mwingine.