Mkate Ulikuwa Mezani

Kitabu kilikuwa kimoja, na mikono iliyokishika ilikuwa miwili.

Ilikuwa saa saba mchana katikati ya jiji, watu wamejaa hadi njiwa wamekosa pa kutua. Nasimiyu alikuwa ameshika mgongo wa kitabu cha nne cha *Milango ya Tumbara*, kilichotandazwa kwenye gunia pamoja na vitabu vingine kuukuu. Upande wa kurasa ulishikwa na mwanamume mwenye shati la samawati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo.

"Achilia, bro."

"Achilia wewe, madam. Nimekiona kutoka ng'ambo ya barabara."

"Basi ungekimbia."

Muuzaji alicheka. "Nyinyi nunueni pamoja. Mkifika ukurasa wa mwisho mtakuwa mmeoana."

Mwanamume hakucheka. Alimtazama Nasimiyu usoni, kisha akatazama gauni lake la maua makubwa, ambalo mwenyewe alilishona kwa mabaki ya pazia dukani kwake. "Kwanza niambie. Bawabu Zoruko anyongwe au aachwe?"

"Aachwe."

"Ndiyo maana siachilii hiki kitabu."

Katika riwaya hizo, Zoruko ndiye aliyemfungulia adui mlango wa mnara, na ndani ya mnara huo alikuwa amejificha kaka yake mwenyewe. Mtunzi hakueleza kwa nini, na mashabiki wakabaki wakitafunana mitandaoni. Inasemekana kuna harusi iliyovunjika huko Rongai kwa sababu ya Zoruko, na mbuzi wa mahari waliokwisha kushushwa wakapakiwa tena kwenye lori, wengine wakiwa tayari wamezoea boma jipya.

Mwanamume aliitwa Mwololo, fundi wa miwani. Walikinunua kile kitabu pamoja. Nasimiyu alisoma sura za kwanza, Mwololo za mwisho, na kila jioni wakasimuliana kwa simu hadi masikio yakawa moto.

"Umelala, mtetezi wa wasaliti?"

"Nalalaje na mnyongaji kama wewe yuko hewani?"

Baada ya miezi minane, mnyongaji alikuwa amejua njia ya Mountain View, kwa kina Nasimiyu, hata angefumbwa macho. Siku moja ya mvua, wakinywa chai huko, Mwololo alitoa neno alilokuwa amelibana miaka mitano.

"Kaka yangu Nzuki alipigana mtaani Kangemi, akaumiza mtu vibaya. Jamaa za yule mtu wakawa wanamtafuta na petroli. Akajificha kwangu. Mimi ndiye niliyewapigia polisi." Alikuwa akizungusha kikombe bila kunywa. "Nikamwambia natoka kununua mkate. Na mkate mzima ulikuwa mezani, Nasi! Hata kudanganya sijui. Alifungwa miaka mitatu. Mpaka leo hajui ni nani aliyempigia simu polisi, na mimi sijui kama nilimwokoa yeye au nilijiokoa mimi."

Hapo ndipo Nasimiyu alipoelewa kwa nini mpenzi wake alitaka Zoruko anyongwe.

"Usimwambie mtu."

"Nani, mimi?"

Jumamosi moja mashabiki wa Nairobi wakakodi ukumbi Jamhuri wamshtaki Zoruko rasmi. Mzee Balwant, daktari wa meno aliyestaafu, alifanywa hakimu kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na joho jeusi. Mwololo alikuwa mwendesha mashtaka, Nasimiyu mtetezi. Kabla hawajaanza, Mwololo alimshika mkono akampeleka safu ya tatu, alikoketi mtu mrefu mwenye kofia.

"Huyu ndiye kaka yangu."

"Shemeji!" Nzuki alisimama akacheka meno yote. "Kumbe ni wewe? Jumapili ijayo ndiyo nakuja kwenu kuongea na mzee juu ya posa. Nimeshanunua hata tai."

Nasimiyu akampa mkono bila kumtazama machoni.

Mwololo alishtaki kama mtu aliyelipwa na waliosalitiwa wote duniani. Alipiga meza. Alisema mwenye kumtoa ndugu yake kwa adui hana kisingizio, awe na sababu au asiwe nayo. Watu wakampigia makofi. Nasimiyu alimtazama jasho likimchuruzika kwenye lile shati la samawati, akaona kwamba mtu anayenyongwa pale mbele si Zoruko. Akainuka.

"Mheshimiwa hakimu, nje ya mnara kulikuwa na watu wenye mienge. Zoruko alimchagulia kaka yake minyororo ili asichomwe!"

"Ushahidi!" mtu akapaza sauti.

"Ushahidi upo! Alimwambia kaka yake anatoka kununua mkate, na mkate mzima ulikuwa mezani! Msaliti aliyezoea kazi yake si angeuficha huo mkate kwanza?"

Mzee Balwant alilamba kidole, akafungua kitabu. "Maneno mazuri sana, binti. Ukurasa gani?"

Ukurasa haukuwepo.

Nasimiyu aligeuka. Uso wa Mwololo ulikuwa rangi ya jivu. Katika safu ya tatu Nzuki alisimama polepole, akaiweka kofia yake sawa, akatoka. Mwololo akaacha karatasi zake mezani, akamfuata.

Nasimiyu alimpigia Mwololo simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokewa.

"Mwololo, mpenzi, nilikuwa nakutetea."

"Najua."

"Ilinitoka tu. Niliona unavyojiumiza..."

"Na mimi nilikuwa namwokoa. Sasa umejua inavyokuwa. Kaka amezima simu. Nyumbani hayupo. Jumapili msipike."

Simu ikakatwa.

Nasimiyu alikaa na ile simu mapajani. Kwenye kundi la mashabiki watu walikuwa wameanza kuuliza mkate ule umetoka wapi, wakipekua vitabu, wakibahatisha. Mmoja aliandika kwamba mwendesha mashtaka alitoka mbio mno. Basi Nasimiyu akaandika: *Ukurasa haupo. Nilitunga uongo ili nishinde. Kesi nimeshindwa, Zoruko anyongwe.* Kabla ya jioni walikuwa wamembandika jina la Bi Mkate, na picha yake akiwa na kichwa cha bofulo imezunguka jiji zima. Lakini waliacha kupekua.

Alhamisi, akiwa amepiga magoti dukani akikata pazia la mteja, kivuli kirefu kikaangukia kitambaa. Alikuwa Nzuki.

"Shemeji, ule ukurasa uliutafuta?"

"Haupo kitabuni."

"Najua. Ninao mimi." Akaketi juu ya mzigo wa vitambaa. "Alipotoka nikaona mkate mezani, nikajua. Dirisha lilikuwa wazi, na nilikuwa na dakika kumi nzima. Nikakata vipande vinne, nikala na chai. Nilikuwa nimechoka kukimbia, na wale jamaa hawakuwa na mchezo."

Makasi yakamponyoka Nasimiyu. "Miaka mitano hukumwambia?"

"Nilikuwa namngoja aniambie yeye. Yeye ananiogopa, mimi namngoja. Tungezeeka hivyo. Pale ukumbini niliondoka kwa kuwa nililisikia kwako kabla halijatoka kinywani mwake. Jana nimemwambia. Amelia kama mtoto, halafu akanigombeza ati nilimmalizia mkate."

Nasimiyu alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Na mimi je?"

Nzuki akasimama. "Wewe ulikosea."

"Najua."

"Amesoma ulichoandika. Amekisoma mara nyingi. Zaidi ya hapo sijui, shemeji. Hilo ni lenu wawili."

Jumapili Nasimiyu hakupika. Alivaa gauni la maua, akalivua, akalivaa tena. Baba yake alijifanya anasoma gazeti ambalo lilikuwa limepinduka juu chini. Saa tano, mlango wa nyumba ukabishwa.

Alikuwa Mwololo, shati la samawati, pasi mpaka kwenye vifungo. Kwapani alikuwa amebana mkate.

"Umepika?"

"Uliniambia nisipike."

"Mkate je, upo mezani?"

Nasimiyu aligeuka kutazama. Kitambaa cha meza kilikuwa kitupu. "Haupo."

"Basi leo nimetoka kununua mkate kweli." Alimpa. Haukuwa umepoa bado. "Nasi, ukirudia tena kunianika mbele za watu..."

"Sirudii."

"Hata kama unanitetea."

"Hasa nikiwa nakutetea."

Alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama kioo cha miwani akitafuta mkwaruzo. Kisha mabega yakamshuka. "Kaka nimemwacha nje ya geti mpaka unijibu, anataka kuongea na mzee. Utanikubali?"

"Si umwingize kwanza, utajua."

"Geti fungua wewe, mpenzi. Mimi na milango hatujaelewana bado."

Nasimiyu akavuka ua, mkate mkononi, akavuta komeo. Nzuki alikuwa amesimama wima kama mlingoti, tai mpya imemkaba shingo.

"Chai ipo?" akanong'ona. "Huo mkate wa Mwololo mimi siuli mkavu."